Nani Alipoteza Spana Namba Kumi

Kwako Nafula,

Sitakuuliza kama uko mzima, kwa sababu nimekuona mwenyewe asubuhi ukimaliza chapati nne na kuuliza kama kuna ya tano. Mimi pia niko mzima. Mwandiko tu ndio umepinda kidogo, na usiseme ni kwa sababu niliishia Form Two.

Umeenda kusukwa. Umesema unarudi saa kumi, lakini huyo msusi ninamjua. Akifika kwa hadithi ya shemeji yake, kichwa chako kitakaa nusu mpaka jua liangukie upande wa Ngong. Kwa hivyo niko na muda. Baba yako nimemtuma sokoni Kitengela akatafute kamba ya kufungia godoro lako. Kamba iko hapa, nimeikalia. Nilitaka nyumba inyamaze.

Mpango wangu ni huu. Nikimaliza, nitaikunja hii barua niiweke chini kabisa ya mfuko wako wa vyombo, chini ya nyundo, uipate ukiwa umeshafika Oloitokitok, mahali huwezi kurudi jioni hiyo hiyo kuniuliza maswali. Mama yako si shujaa. Hiyo utaiona vizuri ukiendelea kusoma.

Mambo ya kula vizuri, kanisa, sweta ya baridi ya mlima, na kutopokea soda kwa watu usiowajua, hayo sitaandika. Umeyasikia mpaka unaweza kunihubiria mimi. Nataka tuongee juu ya mfuko.

Jana nilipokupa ule mfuko wa turubai nilikuona. Ulisema, "Asante mum," kwa ile sauti unayotumia ukipewa soksi Krismasi. Ninajua ulikuwa unangoja nini. Ulikuwa unangoja kile kisanduku cha bluu kilicho kwenye dirisha la hardware kule town, chenye vishikio viwili, kila chombo kimelala kwenye kitanda chake kama mtoto wa hospitali. Nimekuona ukisimama pale mara nne. Fundi wa Oloitokitok amesema kila mwanafunzi anayekuja kwa gereji yake aje na vyombo vyake, na wewe ukajiona ukishuka na kisanduku cha bluu, mafundi wote wakigeuka. Halafu mama yako anakupa mfuko unaofanana na ule wa kubebea sukuma wiki, ndani kuna spana kuukuu zilizopakwa rangi ya kucha.

Wacha nikwambie kwa nini.

Ulikuwa na miaka kumi. Mjomba wako alikuwa amerudi Bungoma akatuachia Kukhu. Wengine wakiuliza kwa nini gari inaitwa nyanya kwa Kibukusu, waambie haikuwa inaamka asubuhi bila kukohoa. Nilikuwa nimeanza kupelekea watu wa mjengo githeri, na nilikuwa ninaipenda hiyo gari kwa sababu kabla yake nilikuwa ninabeba sufuria kwa kichwa. Lakini Kukhu alikuwa mgonjwa. Kila wiki gereji. Baba yako unamjua, akifungua boneti anasimama pale mikono nyuma, kama mtu anayeangalia maiti ya mtu hakumjua sana. Nikasema basi, nitajifunza mwenyewe. Na mtu akitaka kujifunza kitu anaanza na nini? Mimi nilianza na kununua sanduku.

Lilikuwa jekundu. Vipande mia mbili na kumi na sita, ilikuwa imeandikwa juu kwa maandishi ya dhahabu. Nilihesabu hivi: kama fundi wa gereji ako na vyombo ishirini na anatengeneza gari, mimi nikiwa na mia mbili na kumi na sita nitatengeneza hata ndege.

Hilo sanduku halikuenda kwa gari. Unakumbuka lilienda wapi? Liliwekwa sebuleni, kwa wall unit, kando ya televisheni, na nikalifunika na kitambaa nilichoshona mwenyewe, kile cha maua ya pinki. Wamama wa chama walipokuja, kabla ya chai, kila mmoja aliinua kitambaa, akafungua, akasema "woi", akafunga. Pasta alipotutembelea aliliombea. Aliomba Mungu abariki mikono itakayoshika vile vyombo. Miezi mitatu ikapita, na mikono iliyolishika ilikuwa yangu tu, nikilipanguza vumbi.

Halafu ikaja ile safari ya Kajiado. Mama Lemayian, jirani yetu wa plot ya nyuma, alikuwa anapeleka mbuzi wawili sokoni, na pick-up ya mume wake ilikuwa imeenda Rombo. Nikamwambia Kukhu atatubeba. Tuliondoka sita: mimi, yeye, wewe, mbuzi wawili kiti cha nyuma, na sanduku langu jekundu, ambalo nililifunga mkanda kwa sababu sikutaka likwaruzwe na mbuzi.

Tukipita Isinya, tairi ikaisha pumzi.

Sikuogopa hata kidogo. Ninakumbuka nilifurahi. Nilishuka nikatoa sanduku kama daktari. Nikaweka jeki kando ya barabara, nikaanza kupiga. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na unajua huo udongo mweusi wetu. Nilipiga jeki mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na gari haikupanda. Nilipiga tena. Wewe ukasema, "Mum, jeki inapotea." Nikakwambia unyamaze, ninafanya kazi. Kumbe jeki ndiyo ilikuwa inashuka. Ilizama ardhini mpaka ikabaki kichwa, na Kukhu akaketi juu yake kama kuku juu ya yai. Mbuzi walikuwa wanatuangalia kwa dirisha.

Ndiyo maana kwa mfuko wako kuna kipande cha mbao kinachonuka mafuta. Usikitupe ukidhani ni takataka. Jeki hukaa juu ya mbao. Na hata ikikaa vizuri, usiingize mwili wako chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake. Hapo sitanii.

Dereva wa lori la mchanga alitusaidia kuinua. Ikabaki kufungua nati za tairi. Nikachagua soketi inayoingia, ikang'aa kwa jua, nikaiweka, nikasimama juu ya mkono wake na miguu yote miwili. Ikalia ta! Nikadhani nati imekubali. Nilipoitoa, soketi ilikuwa imepasuka katikati kama ganda la njugu. Nikachukua iliyofuata, hiyo ikazunguka juu ya nati bila kuishika na kula kona zake zote. Nikachukua ya tatu, ikakataa kuingia. Hapo ndipo niligundua nusu ya sanduku langu ilikuwa ni saizi za inchi, ambazo kwa gari za kwetu haziingii popote. Tatu juu ya nane, tisa juu ya kumi na sita. Nilikaa kando ya barabara ya Namanga nikijuta kwa mara ya kwanza maishani kwamba nililala kwa somo la fractions. Na hiyo nusu nyingine? Zaidi ni vile vichwa vidogo vya bisibisi, vya kukaza viti vya plastiki na miwani. Vipande mia mbili na kumi na sita, na tairi ikafunguliwa na wheel spana moja ya dereva wa lori, nyeusi, chafu, imepinda kidogo.

Mama Lemayian alituongoza mpaka sokoni Kajiado. Aliuza mbuzi wake. Halafu akanishika mkono akanipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa ametandaza gunia chini, amepanga vyuma vya mtumba. Wakasalimiana kwa Kimaasai. Mzee akamwambia takwenya, yeye akaitikia iko, wakaulizana habari za watoto, ng'ombe na mvua, sisi wawili mimi na wewe tumesimama. Halafu Mama Lemayian akachuchumaa, na ninakuapia Nafula, alianza kununua spana vile watu wa kwao hununua fahali.

Aliinua moja akaipima kwa kiganja. Akaigeuza. Akaingiza kidole kwa mdomo wake akapapasa kando zote mbili, taratibu, macho ameyatoa hapo ameyapeleka mbali.

"Hii imekufa," akasema, akairudisha.

"Mama Lemayian, ni chuma," nikamwambia. "Itakufaje?"

"Lete kidole chako."

Akanishika kidole akakiingiza. Mdomo ulikuwa umepanuka, umelegea kwa kona, kama mdomo wa mtu anayelala kwa basi. Akachukua nyingine, mbaya kuangalia, imepata kutu mgongoni, akaniwekea kidole tena. Huo mdomo ulikuwa mkali, kando zake ziko sawa. "Kutu ni ngozi," akasema. "Mimi sinunui ngozi."

Huyo mama hajawahi kushika spana maishani mwake. Ananiambia mpaka leo hajui hata moja inaitwaje. Lakini yeye na yule mzee walichukua saa nzima pale, na tukaondoka na spana sita tu, mkono mmoja wa racheti na soketi nne. Racheti aliichagua kwa sikio, anazungusha akisikiliza meno yake kama yote yanalia. Soketi nilichagua mimi, nikiwa bado na hasira ya Isinya. Nilikuwa nimeona vile ile yenye kona kumi na mbili ilivyoteleza, nikatafuta zenye kona sita, zinazokumbatia nati yote. Hiyo ndiyo busara yangu pekee katika hadithi hii, kwa hivyo nimeiandika vizuri.

Mfuko ulizaliwa hapo. Hakuna kitu ndani yake kilichoingia kabla gari haijakiomba. Bisibisi ya nyota iliingia siku taa ya breki ilikufa. Plaisi iliingia siku kipete cha bomba la maji kilinishinda. Hiyo plaisi ikikunukia samaki, ni kwa sababu Baba Brayo wa mlango wa pili aliiazima akasema ni ya waya, na mimi nikamkuta nyuma ya nyumba anageuza omena na tilapia kwenye mafuta nayo. Tangu siku hiyo nilipaka vyombo vyangu vyote rangi nyekundu ya kucha, ili hata chombo kikienda kuishi kwa mtu, kijulikane ni cha nani. Kile kisanduku chekundu nacho kiko bado kwa wall unit. Kina nyuzi na vifungo vya baba yako. Kinafanya hiyo kazi vizuri sana.

Kwa hivyo ukiwaona mafundi wanaangalia mfuko wako na kucheka, wacha wacheke, halafu ngoja mmoja wao aombe spana. Ataomba. Na ukitaka kuongeza chombo, ingiza kidole mdomoni kwanza.

Sasa nimefika pale nilikuwa ninaogopa kufika. Nimeinuka nikachemsha chai, nikainywa yote, na karatasi bado iko hapa.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Jumamosi. Tulikuwa tumezoea hizo Jumamosi, wewe na mimi, Kukhu amefunguliwa boneti, wewe unanipa vyombo bila kuangalia namba, kwa kupapasa. Namba kumi ndiyo ilikuwa kama mtoto wa nyumba hiyo, maana kwa hizi gari za kwetu namba kumi iko kila mahali, kwa betri, kwa kifuniko cha filta, kwa vile vibolti vidogo vyote. Nikanyoosha mkono nikasema kumi. Hukunipa kitu. Nikasema tena. Ukasema haipo.

Watu walikuwa pale. Baba Brayo, wamama wawili wa chama, na ile timu ya watoto wa plot. Na githeri ya watu wa mjengo ilikuwa imeiva inapoa. Nikatoka chini ya boneti nikiwa na ile sura yangu.

"Nani alishika namba kumi mwisho?"

Ukaniangalia. Hukuogopa. Ulinijibu kama mtu anayejibu swali la hesabu.

"Ni wewe, mum. Ulifungua betri nayo asubuhi."

Nafula, kama ningenyamaza hapo nikafikiria kidogo, haya yote hayangekuwa. Lakini watu walikuwa wanaangalia, na mmoja wa wale wamama akaguna. Nikakwambia usinijibu. Nikasema vyombo ni vyangu na mimi siwezi kupoteza vyombo vyangu. Nikasema wewe ndiye uliipoteza, ukatafute, na usirudi bila namba kumi. Na Baba Brayo, yeye ambaye hawezi kuacha kitu kipite bila kukipa jina, akacheka akasema, "Haya Kumi, kimbia."

Hivyo ndivyo ulivyobatizwa. Kufikia jioni plot yote ilikuwa inakuita Kumi. Kufikia muhula uliofuata hata mwalimu wako wa Kiswahili. Mama Lemayian peke yake alikataa. Yeye alikuita nakerai, mtoto wangu, akaendelea kukuita hivyo.

Na wewe ulienda kutafuta. Siku tatu. Ulitoa sumaku kwa spika ya redio mbovu, ukaifunga kamba, ukawa unaivuta kwa plot yote kama mtu anayetembeza mbwa. Nilikuwa ninakuona kwa dirisha la jikoni. Ulipata misumari, vifuniko vya soda, pini za nywele, kijiko changu kimoja, na ule ufunguo wa Baba Brayo, ambaye alikuwa amepoteza funguo tangu Pasaka na alikuwa anaingia kwake kwa dirisha akituambia ni mazoezi. Alikupa peremende mbili. Mimi nilipokea kijiko changu nikasema, "Na kumi?" Ukatingisha kichwa ukarudi na sumaku yako.

Mwezi wa nne mvua ikaja, betri ya Kukhu ikafa. Ulikuwa shule. Nikaitoa, na kwa sababu kile kitanda cha chuma inachokalia kilikuwa kimeoza, nikakitoa nacho. Spana ilikuwa chini yake. Imelala kwa matope makavu, rangi yangu ya kucha bado iko kwa shingo. Ilikuwa imeanguka hapo ile asubuhi, kutoka kwa mkono wangu, nikifungua betri. Vile ulisema.

Nilikaa chini kwa huo udongo. Nikasema akirudi tu ninamwambia. Niliiosha, nikaipanguza na kanga, nikaiweka mezani, nikapika mpaka ndengu na nyama kwa sababu nilijua nitaomba msamaha. Halafu nikakusikia getini. Watoto walikuwa wanakuita, Kumi, Kumi, njoo tucheze kati, na wewe ukaitika. Ulikuwa unacheka. Nikajiambia, si unaona, jina limekuwa zuri. Nikajiambia, mtoto amesahau, kwa nini nimkumbushe. Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshawasimulia hadithi hiyo wamama wa chama mara nyingi, wanacheka sana, na nikaona vile watacheka mwisho wake ukibadilika. Ukala ndengu mara mbili, ukauliza tunasherehekea nini. Nikasema betri mpya.

Spana nikaifunga kwa kitambaa nikaiweka ndani ya ile birika ya wageni ambayo haijawahi kuona mgeni wa kutosha. Imekaa humo miaka saba. Kumi nyingine nilinunua, ukadhani ni ya kulipia ile yako.

Ningeweza kuiacha humo. Ungeenda, ungekuwa fundi, na mimi ningezeeka na birika yangu. Lakini wiki iliyopita ulirudi kutoka polytechnic ukaniambia, kama mtu anayesema habari za mwingine, kwamba kifaa cha kupimia betri kilipotea darasani, mwalimu akakuuliza, na wewe ukanyamaza. Ulijua kiko wapi. Ulimwona aliyekibeba. Ukanyamaza mpaka yule kijana akakirudisha mwenyewe kesho yake. Nikakuuliza kwa nini hukusema. Ukainua mabega ukasema, "Ningesema nini."

Mwanangu, hilo ni langu. Mtoto aliyejibu "ni wewe, mum" mbele ya watu wote hakuwa mtoto wa kunyamaza. Tangu ile Jumamosi ukiulizwa kitu unaangalia kwanza uso wa mtu, uone ni jibu gani anataka. Nimeliona hilo miaka saba na nikaliita adabu.

Na huko unakoenda kitu kitapotea. Gereji ni hivyo. Zile pick-up za nyanya na vitunguu zitaingia tano kwa mpigo, vyombo vitapita mikono kumi, na jioni fundi atasimama katikati na sura kama yangu aulize nani alishika mwisho. Na wewe ndiye mgeni, na ndiye msichana. Macho yote yatakuja kwako. Nisingependa unyamaze hapo kwa sababu ya mama yako. Kama ni wewe, sema ni mimi. Kama ni yeye, mwambie ni wewe, fundi, ulifungua betri nayo asubuhi. Kwa hiyo hiyo sauti ya hesabu. Atakasirika. Siku moja atatoa betri.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapa. Namba kumi iko kwa mfuko wa kando, ule wenye kifungo. Nimeipanguza. Ile rangi yangu nyekundu nimeitoa kwa shingo, imechukua nusu chupa ya dawa ya kutolea. Nimeiacha bila rangi. Weka yako, hata kama ni ile ya kijani unayopaka ambayo inanifanya nifikirie vyura. Na sumaku yako pia iko humo, na kamba yake. Hukujua niliiweka. Haikuwa na kosa lolote, ile sumaku. Ilitafuta kila mahali ilipopelekwa.

Oloitokitok hakuna mtu anayekujua kwa jina la Kumi. Wakikuuliza unaitwa nani, hilo ni la kwako kuchagua, na mimi sitasema kitu.

Ngoja. Nimesikia geti.

Ni wewe, umemaliza mapema, leo shemeji wa msusi amekuwa na huruma. Na Baba Brayo amekuona kabla yangu. Ninamsikia mpaka huku jikoni, na wamama wa kwa bomba wako naye. Anakwambia, "Kumi, umependeza mpaka spana zitajitafuta zenyewe."

Wanacheka. Sikusikii wewe ukicheka.

Basi hii barua haiendi chini ya nyundo. Nitaiweka juu, uisome hata leo ukitaka, na kama ni maswali niko hapa, sijaenda popote. Hiyo spana nimeitoa tena kwa mfuko wa kando, nimeishika hapa na mkono wa kushoto ninapoandika. Ninatoka nayo nje sasa hivi, na aproni, na wino kwa vidole, niisimulie hiyo hadithi mwisho wake mbele ya hao hao wote. Wakitaka jina waendelee nalo, lina mwenyewe. Wewe wakuite Nafula.

Ni mimi mama yako anayekupenda,

Kumi